Siku Tisini na Saba Bila Ua Hata Moja

Ndeshi mwanangu,

Umetoka saa kumi kasoro robo kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Basi nina saa mbili na kidogo. Mama yako yuko nje anapiga pasi gauni lako la pili na hasemi nami. Asubuhi, ulipokwenda bombani, aliniambia hivi tu: "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitapunguza." Ndiyo maana naandika. Kwa mdomo nitaanza vizuri, kisha katikati nitaanza kujitetea. Najijua.

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na namna ya kukaa na mwalimu mkuu nayaacha. Mama yako ameyasema kila siku tangu ilipofika barua ya kukupangia kazi. Mlimani kuna baridi, utaiona mwenyewe. Kutoka hapa hadi Kibosho ni mabasi mawili na kutembea kidogo, hata maili ishirini na tano hazifiki. Lakini ni miaka kumi na tatu sijakanyaga huko, na wewe umekua ukiutazama mlima ule kila asubuhi kama picha kwenye kalenda ya watu wengine.

Kesho unakwenda kuishi kwa baba yako mdogo, Elisante, kwa sababu shule haina nyumba ya mwalimu na yeye amekubali kukupa chumba. Jana mezani ulisema utalala kwake lakini hutakula chakula chake. Utanunua jiko la mafuta ya taa, utajipikia. Ulisema huku unanitazama, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye alama nzuri. Maneno yale nilikutia mimi kinywani, Ndeshi, na nataka kuyatoa kabla hujayafikisha mlangoni kwake.

Wewe unajua hivi: kwamba Elisante aliyaharibu maua ya bibi yako kwa makusudi, kwa wivu, na bibi akafa bila kuyaona. Umeisikia habari hiyo tangu una miaka sita. Sasa soma ilivyokuwa.

Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi pamoja na migomba na kahawa iliyoizunguka, na wa katikati hupewa panga na baraka. Wavulana watatu, vihamba viwili. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Naiandika kwa uchungu, sitakuficha, mpaka leo uchungu upo. Nilishuka huku tambarare miaka michache kabla ya Uhuru, nikakata miwa misimu minne, nikajifunza kusoma mizani kwa kuchungulia juu ya bega la karani, hadi siku alipougua nikasimama mahali pake. Mpaka leo nipo hapo. Hakuna aliyenishika mkono. Kiwanja hiki kilikuwa miiba na vumbi. Matofali ya nyumba ulimozaliwa nilifyatua mwenyewe, elfu mbili na mia nne, na mia tatu yakapasuka. Mama yako, ambaye wakati huo alikuwa binti wa Singida aliyekuja kupalilia miwa, ndiye aliyeniletea maji ya kukandia udongo.

Baada ya Uhuru, wewe ukiwa na miaka mitano hivi, bibi yako alianza kuugua. Nilipanda kumwona. Alikuwa na maua yake, unajua, yale ya kosmosi. Mbegu alizipata ujanani alipokuwa akifua nguo za wamisionari, akazirusha kwenye ukingo wa mawe kando ya njia ya kuingilia uani, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yakisitasita. Kila mwaka yalichanua hapo: meupe, ya waridi, na mengine rangi ya zambarau iliyoiva. Petali nane kila ua, nilizihesabu nikiwa mdogo. Lakini mwaka ule ukingo ulikuwa umeshavunjwa. Kahawa ilikuwa na bei na kila mtu alikuwa anapanda mpaka mlangoni. Bibi alikuwa amebakiza mbegu tu, kwenye pembe ya kitambaa, nyembamba, nyeusi, zimepinda kama kucha za paka.

Akanipa zote. Akasema, "Huko kwako ni kukavu, zitapenda. Zirushe mahali pabaya, kisha uzisahau. Zikichanua, niletee niyaone mara moja tu."

Nikamwambia siku sitini. Mtu wa mizani akisema siku sitini, ni siku sitini.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na ni kosa ambalo lingefanywa na mtu wa mlimani peke yake. Mtu wa pwani asingelifanya, wala mtu wa kwao mama yako. Sisi hatujui kupanda kitu na kukisahau. Tumelelewa na samadi ya ng'ombe wa ndani, maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, yanayopita kwa zamu, na majani ya migomba yaliyotandazwa juu ya udongo mpaka usiuone. Nilipomsikia mama akisema "zirushe", nikadhani ni maneno ya mgonjwa. Nilitaka ayaone maua ambayo hajawahi kuyaona. Nilitaka, na hili nalisema kwa aibu, ajue kwamba mwanawe asiyepewa kihamba anaweza kuotesha kitu kwenye vumbi vizuri kuliko yule aliyepewa.

Nikaenda kwa Elisante nikamwomba samadi. Hakuuliza ya nini kwa mtu asiye na kahawa. Alinipa magunia sita, akayabeba mwenyewe mgongoni hadi barabarani, akayapandisha kwenye lori la ndizi. Sita, na alikuwa na ng'ombe wawili tu.

Nikachimba, nikachanganya, nikapanda mbegu mia na ishirini, futi moja kati ya shimo na shimo. Nikabakiza kama arobaini kwenye kitambaa. Debe mbili za maji asubuhi, debe mbili jioni, hatua mia nne kutoka bombani. Siku ya nane zikaota, miche mia na kumi na moja. Siku ya thelathini imefika gotini. Siku ya sitini kifuani. Majirani walikuja kutazama, wakasifu. Majani yale laini kama manyoya ya kifaranga, kijani kibichi hata macho yanapumzika. Siku ya themanini yalinipita kimo, mashina manene kama kidole gumba.

Na ua, hakuna.

Kila Jumamosi dereva wa lori la ndizi aliniletea salamu za bibi yako, na salamu zilikuwa swali lilelile. Je, yamechanua? Nilimjibu wiki ijayo. Nikaongeza maji. Nikaongeza gunia la sita ambalo nilikuwa nimelihifadhi. Upepo ukaja ukalaza nusu ya shamba, nikayafunga kwenye vijiti moja moja kama wagonjwa. Kisha nikaona udongo umetoka unga mweupe juu, kama chumvi. Nikauonja. Ulikuwa magadi.

Siku ya tisini na saba dereva alikuja siku ambayo haikuwa Jumamosi.

Msibani unapakumbuka kidogo, umewahi kuniambia unakumbuka umeshika kanga ya mama yako na watu wengi wamevaa makoti. Hukumbuki kopo. Nilikuwa nimekwangua ule unga mweupe nikaujaza kwenye kopo la kahawa, nikapanda nalo mlimani kwenye mazishi ya mama yangu. Jeneza likiwa bado uani, mchungaji amesimama na kitabu, nikaumwaga ule unga miguuni pa Elisante mbele ya ukoo mzima. Nikasema, "Hii ndiyo samadi uliyonipa. Ulitia magadi ili maua yasichanue. Una nyumba, una kahawa, una kaburi lake, na bado umemnyima maua yake."

Nilitaka anijibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote, nilikuwa nimeyapanga njiani kwa namba. Alitazama ule unga, akanitazama, akasema, "Kaka, tumzike mama kwanza."

Ni hayo tu. Tukamzika. Nikakushika mkono, tukashuka, na sikupanda tena.

Baada ya miezi mitatu alikuja mjomba wangu, Mzee Mateo, kaka yake bibi yako. Mama yako akamletea maji, hakuyanywa. Alifungua koti akatoa tawi fupi la isale, majani yake yamefungwa fundo. Hukukulia mlimani kwa hiyo nikueleze. Isale ni ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea na akataka yaishe, anamtuma mtu mwingine akuletee isale, na wewe ukiletewa hukatai. Watu wamepokea isale kwa mambo ya damu. Sijawahi kusikia aliyekataa.

Mzee Mateo akasema, "Mdogo wako anaomba yaishe."

"Amekiri basi?" nikamuuliza.

"Hakukiri kitu. Amesema anaomba yaishe."

Nikasema mtu asiye na kosa hatumi isale. Nikalichukua mkononi mwake na kulirusha kwenye takataka, pale nyuma ya jiko. Mzee yule alisimama taratibu, magoti yake yakalia. Akaniambia, "Nimebeba isale mara tisa. Hili ni la kwanza kuliona chini." Akaondoka na jua lote lile bila kunywa maji yangu.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo mama yako anaifahamu na wewe huifahamu.

Mwaka wa pili baada ya hapo mvua ilikosa. Bomba lilifunguliwa saa moja kwa siku. Lile shamba la maua nilikuwa nimeshang'oa kila kitu, nimepanda mchicha. Mama yako alikuta kile kitambaa sandukuni, akatoka nacho. Nikamwambia asipoteze mbegu, lakini kama anataka kujaribu azitie pale penye mchicha, pana rutuba. Akasema, "Pale pameshiba. Mimi natafuta mahali penye njaa." Akazirusha kando ya njia ya chooni, kwenye changarawe na vipande vya yale matofali yaliyopasuka. Alizifunika kwa mguu. Alizimwagia maji ya kufulia mara moja kwa wiki mpaka zilipoota, kisha akaacha kabisa. Zilipofika gotini alizikata ncha kwa kucha, nikadhani ameziua.

Siku ya hamsini na saba lilifunguka la kwanza. Jeupe. Siku ya sitini na tano sikuweza kuhesabu, na unajua mimi nahesabu. Mimea kumi na tisa tu, mifupi, myembamba, imesimama yenyewe bila kijiti, kwenye jua ambalo lilikuwa limeua mpaka mchicha wangu. Unayakumbuka hayo, ulikuwa unayachomeka kwenye nywele.

Nilisimama pale nikiyatazama. Mama yako alikuja akasimama karibu nami, akaniambia, "Ulikuwa unayalisha kama ng'ombe. Yanapata kila kitu, yachanue kwa shida gani?" Halafu akanishika mkono wa shati akanivuta hatua chache mbele, pale maji ya kuogea yanapomwagika kila siku. "Njoo uone na unga wa shemeji yangu." Udongo ulikuwa mweupe, umekauka, unga uleule. "Huku nako alileta samadi?"

Magadi ni ya udongo wetu huu. Ukiumwagia maji kila siku juani, magadi yanapanda juu. Nimekaa tambarare miaka yote hiyo na sikujua kitu ambacho binti wa Singida alikijua kwa kutazama njia ya chooni. Samadi ya Elisante ilikuwa safi. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililoyazuia maua. Baadaye yule dereva wa lori alinisimulia kwamba msimu ule kahawa ya Elisante ilizaa nusu. Magunia sita yalikuwa samadi yake yote.

Nilijua hayo yote miaka kumi na moja iliyopita, Ndeshi. Kosa la maua nalisamehe mwenyewe, kila mtu hupanda vibaya mara moja. Hata la msibani, naweza kusema nilikuwa na msiba. Lakini miaka kumi na moja nimeamka nikijua, nimekwenda kwenye mizani nikijua, nimerudi nikijua. Mwezi wa kwanza ingekuwa nauli ya basi na maneno matano. Nikasema ngoja wiki hii ipite. Kisha ikawa ngoja msimu upite. Kila nilipoahirisha, neno lilikuwa zito zaidi kulibeba. Na ili nisilibebe, nikaendelea kukusimulia ile habari ya zamani. Nilikumwagia chuki ile asubuhi na jioni kama nilivyoyamwagia yale maua, na ukakua mrefu kwayo.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili pale mjini Moshi, baba yako mdogo alikuja getini na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa? Ulimrudisha. Ulimwambia, mbele ya mlinzi na wasichana wenzako, kwamba kwenu hamkosi chakula. Ulikuja likizo ukanisimulia, na mimi nikacheka, nikakusifu, nikakununulia viatu vyeusi vya kamba. Viatu vile ulivipenda sana. Mimi kila nilipoviona miguuni mwako niliona mtu aliyetembea hadi barabarani na mkungu begani, akarudi nao. Mama yako usiku ule alilala chumbani kwako, hukujua kwa nini.

Na mtu huyohuyo, aliposikia mwalimu mpya ni wewe, aliandika barua ya mistari miwili. Sikukuonyesha. Inasema, "Mtoto wa kaka halipii chumba. Aje."

Hapa nimeacha kalamu nikatoka nje.

Ule mmea mrefu karibu na bafu, unaotundika juu yake taulo lako, ndilo isale la Mzee Mateo. Nilipolirusha, mama yako alingoja niingie ndani, akaliokota kwenye takataka na kulichomeka pale maji yanapopita. Hajawahi kunieleza kwa nini, nami sijawahi kumwuliza, na miaka kumi na tatu tumeoga kando yake. Leo nimekwenda na kisu. Nimesimama mbele yake kama mwizi. Mama yako aliweka pasi chini akanitazama. Nilidhani atasema jambo kubwa. Akasema, "Kata refu, lisije likanyauka kwenye basi."

Nimekata. Fundo nimelifunga mwenyewe, mara tatu likafunguka, mikono imesahau. Limo ndani ya gazeti lililolowana, pamoja na barua hii. Sijui kama mkubwa anaruhusiwa kumpelekea mdogo wake. Wazee wangejua, lakini Mzee Mateo alishafariki na sina wa kumtuma ila wewe. Kama hutaki kulibeba, liache mezani kesho. Ni mzigo wangu, nami nitapanda nalo Jumapili. Lakini ukilibeba, uwe unajua umebeba nini.

Ukifika, mwamkie. Shikamoo yako iwe ya kweli. Kisha mpe, usieleze. Ataelewa kabla hujafungua gazeti.

Kwenye bahasha ndogo kuna mbegu sitini za mwaka huu. Ni za kaburi la bibi. Tafuta upande wenye mawe. Elisante atataka kuzitia samadi, ni mtu wa mlimani kama mimi, na yeye hajafundishwa na njia ya chooni. Mkatalie. Mwambie kaka yake alishajaribu.

Na kama akilichukua isale akalirusha, usimkasirikie, wala usiseme neno. Ana haki hiyo na ametumia miaka mingi kuipata. Ngoja aingie ndani, uliokote, ulichomeke mahali maji ya kuogea yanapopita. Mama yako alifanya hivyo, na ndilo hilo ulilolibeba.

Nasikia unacheka na watu pale kwa jirani. Zimebaki hatua hamsini.

Jiko usinunue, mwanangu. Kula kwake.

Baba yako